Uso tunaujua, jina je?

Hebu fanya jambo moja kabla hujasoma zaidi. Chukua simu yako, andika "Dadaab" mtandaoni, kisha bonyeza pale pa picha. Utakachokiona nakijua: hema lililofifia kwa vumbi, mama aliyejitanda, mtoto mwenye macho makubwa, mitungi ya manjano imepangwa foleni penye mfereji. Nyingi ya picha hizo ni za 2011, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia na watu wa Dadaab wakakaribia nusu milioni. Sasa soma maneno yaliyo chini ya picha. Jina la mpigapicha lipo. Jina la shirika lipo. Tarehe ipo. Na huyo aliyepigwa picha? "Mwanamke mkimbizi akiwa na mwanawe." Basi, stori imeishia hapo.

Unaweza kusema hilo ni jambo dogo, kwamba mtu aliyekimbia risasi na njaa ana shida kubwa kuliko jina lake kukosekana chini ya picha. Siku ile ya kwanza, ndiyo. Lakini Dadaab ilianza 1991 na Kakuma 1992. Kuna mtu aliyezaliwa Hagadera ambaye leo ana watoto, na watoto hao wanasoma katika shule aliyosomea yeye. Huyo si mtu wa siku ya kwanza.

Tena suala hili limekuja wakati wake. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika (shirika kwa maana ya kushirikiana, si yale mashirika ya misaada) unaotaka kambi hizi mbili zigeuke kuwa makazi ya kawaida, yenye shule, hospitali na soko vinavyotumiwa na mkimbizi pamoja na mwenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilikuwa imeshafungua mlango huo. Kwa maneno mengine, baada ya zaidi ya miaka 30 Kenya imeanza kukiri, japo kwa sauti ya chini, kwamba watu hawa zaidi ya 800,000 si wasafiri wanaongoja basi. Sawa. Ila ukigeuza kambi kuwa mji, watu wa mji huo watataka kujua walikotoka. Nani alichimba kisima cha kwanza? Mwalimu wa kwanza alikuwa nani? Picha za miaka hiyo zipo, tena nyingi ajabu. Ziko Geneva, London na New York, katika hifadhi za mashirika na kampuni za habari, zimeandikwa "mkimbizi".

Mwaka huohuo wa 2025 pesa nazo zilikatika. Marekani ilisimamisha misaada yake mingi mwezi Januari, pamoja na safari za wakimbizi waliokuwa tayari wamekubaliwa kwenda kuishi huko. Kufikia katikati ya mwaka, chakula ambacho Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likigawa kambini kilishuka hadi chini ya asilimia 30 ya kiwango kinachohitajika. Watu wa Kakuma waliandamana. Baadaye wakagawanywa katika makundi kulingana na mahitaji, na wengine wakaondolewa kabisa kwenye orodha ya chakula.

Unafikiri hali kama hiyo inazaa picha za aina gani? Mfadhili akibana mkono, shirika linatafuta picha ya kuulegeza. Sahani tupu. Mtoto aliyekonda. Siwalaumu sana, maana njaa yenyewe ni ya kweli, na bila picha hizo pengine hata hicho kidogo kisingefika. Lakini tusidanganyane: kampeni ya kuchangisha inahitaji uso, haihitaji jina. Jina linaleta maswali. Ukishajua kwamba mama yule alikuwa mshonaji Kismayo na sasa anadaiwa na mwenye duka wa Ifo, amekuwa jirani mwenye shida, na jirani ni mgumu kumtumia kwenye bango.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, hadi 1942. Si wengi wa rika letu tuliofundishwa hili shuleni: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Afrika Mashariki ilipokea wakimbizi kutoka Ulaya. Walikuwa Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin hadi Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiliwa walipitia Iran, wakapanda meli, wakashuka bandari zetu. Zaidi ya 18,000 walisambazwa katika makambi ya Afrika Mashariki na kusini mwa bara. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Hapa Kenya walikaa Makindu na Rongai, miongoni mwa sehemu nyingine. Ndiyo, Makindu hiyohiyo unayopita ukienda Mombasa.

Picha za makambi hayo zipo pia, na ukiziangalia utashangaa. Hazifanani kabisa na zile ulizoziona kwenye simu dakika tano zilizopita. Kuna skauti wamepiga mstari. Kuna wasichana wa shule na mwalimu wao, watu jukwaani wanaigiza, bustani ya mboga mbele ya nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi, padri na watoto wa komunio ya kwanza. Ukizitazama unaona mtaa wa watu wanaoishi, wenye shule, ibada na mchezo, ingawa nao walikuwa wamepoteza kila kitu na ndugu zao wengi walikuwa wamefia njiani.

Kwa nini tofauti hiyo? Sababu moja ni ngozi, na sitaizungukazunguka. Lakini kuna nyingine inayotufaa zaidi: nyingi ya picha hizo zilikaa mikononi mwa wakimbizi wenyewe. Ziliingia kwenye albamu za familia, zikasafiri nao vita vilipokwisha hadi Uingereza, Kanada na Australia, na nyuma yake mtu aliandika kwa mkono: huyu ni fulani, huyu ni shangazi, hapa ni Tengeru. Wajukuu wao leo wanarudi kutafuta makaburi, na wanajua wanatafuta kaburi la nani.

Halafu angalia tena picha zilezile, safari hii utazame pembeni. Mara nyingi utamwona Mwafrika: mpishi, kibarua, mtu aliyebeba kuni. Yeye kwenye albamu hiyo mara nyingi hana jina. Kwa hiyo hata ndani ya picha moja, wakimbizi ndio wenye majina na mwenyeji ndiye hana. Tusijidanganye kwamba kukosa jina ni sehemu ya ukimbizi. Hutegemea nani ameshika kamera, na nani ataitunza picha.

Kuna picha moja ya mkimbizi ambayo huenda unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Msichana wa Afghanistan, shungi jekundu lililochakaa, macho ya kijani yanayokutazama kana kwamba umemkosea. Ilipigwa na Mmarekani Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya Nasir Bagh, Pakistan, na Juni 1985 ikawekwa kwenye jalada la jarida la National Geographic. Msichana alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Hakuulizwa jina. Kwa miaka 17 picha hiyo ilizunguka dunia, ikatundikwa ukutani, ikachapishwa kwenye kadi, huku mwenye uso akiendelea na maisha yake bila hata kujua kwamba yeye ni maarufu. Mwaka 2002 McCurry na wenzake walirudi kumtafuta. Walipompata walilinganisha mboni za macho yake na zile za pichani ili kuwa na hakika. Hapo ndipo dunia ilipojua kwamba anaitwa Sharbat Gula, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba siku ile alipopigwa alikuwa amekasirika.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya jioni. Haikuishia hapo. Oktoba 2016 polisi wa Pakistan walimkamata Sharbat Gula kwa kosa la kuwa na kitambulisho cha Pakistan kilichopatikana kwa njia ya udanganyifu. Akafungwa siku chache, kisha akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021, Taliban waliporejea madarakani, Italia ikampokea. Hebu pima jambo hilo: mwanamke ambaye huenda ndiye mkimbizi anayejulikana zaidi duniani kwa sura alikamatwa kwa sababu ya kadi ndogo yenye picha yake. Picha moja ilikuwa jaladani, nyingine kwenye kadi, na ni ile ya kadi iliyoamua angelala wapi.

Wewe kijana wa Garissa au Wajir unaelewa ninachosema kabla sijamaliza. Wakati wa ukame, familia nyingi za Wakenya kule Kaskazini Mashariki zilijiandikisha kambini kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Watoto wakachukuliwa alama za vidole. Walipofika miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho, kompyuta ikawakataa: we ni mkimbizi. Maelfu ya Wakenya wamekaa miaka mingi bila kipande, hawawezi kuajiriwa, kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu kwa jina lao, huku wakipigana na serikali hadi mahakamani. Siku hizi mashine za kambini husoma hata mboni ya jicho, teknolojia ya aina ileile iliyothibitisha kwamba Sharbat Gula ni Sharbat Gula. Mashine inakujua vizuri sana kwa namba. Kuhusu wewe ni nani, haina habari.

Sisemi kwamba picha ya zamani yenye jina ingempa mtu kitambulisho. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepigwa picha mara elfu moja na kuandikwa vibaya mara zote hizo yuko uchi mbele ya ofisi yoyote. Kila kinachomhusu kimeandikwa na wengine.

Tuvuke mpaka tena kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, Tanzania. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025, alipiga picha pale ambazo zimeoneshwa katika majumba makubwa ya dunia. Ni picha nzuri mno. Moshi, mbingu, umati usio na mwisho, kama kurasa za Agano la Kale. Lakini katika umati wa Benaco walikuwemo bibi waliokimbia vita, watoto waliopotezana na wazazi, na pia watu waliokuwa wametoka kuua majirani zao kwa mapanga, wakiwemo viongozi waliopanga mauaji hayo. Picha ya umati inawafunika wote blanketi moja la huruma. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba jina ni urembo wa kuongezea. Mahali kama Benaco, jina ndilo lingetenganisha mhanga na mhalifu.

Kipindi kilekile, bila kelele za majumba ya sanaa, kulikuwa na picha za aina nyingine kabisa. Watoto waliotengana na wazazi wao katika machafuko ya Rwanda walipigwa picha mmoja mmoja, uso tu, namba kifuani, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao kambini ili wazazi wapite wakitafuta. Hakuna mbingu wala moshi. Ukiziangalia kama sanaa, ni za kuchosha. Lakini mzazi alisimama mbele ya ubao ule, akapitisha macho mistari na mistari ya nyuso, akanyoosha kidole. Mimi ukiniuliza, hizo ndizo picha kubwa za mwaka ule.

Na usidhani haiwezekani kupiga picha nzuri ukiwa na jina. Kuanzia 1992 Mmarekani Fazal Sheikh, ambaye baba yake alizaliwa hapa Nairobi, alitembelea makambi ya mipaka ya Kenya. Waandishi wengi walikuwa wakishuka, wanapelekwa kwa watoto walio hoi zaidi, wanapiga, wanaondoka. Yeye aliomba ruhusa kwa wazee wa jamii, akakaa, akawaacha watu wachague watakavyosimama. Wanakutazama wima, wamejipanga kama watu walioenda studio, na chini ya kila picha kuna jina na mahali. Mwaka 2000 akarudi kwenye makambi ya Wasomali, akazungumza tena na watu aliowahi kuwapiga. Zaidi ya miaka 30 sasa, mjukuu wa mmoja wao anaweza kufungua kitabu hicho akasema: huyu ni bibi yangu. Kamera ilikuwa kamera tu kama za wenzake.

Nakubali kuna hoja upande wa pili, na si hoja nyepesi. Jina linaweza kuua. Mtu aliyekimbia serikali ya kwao ana ndugu aliowaacha nyuma. Msichana aliyetendewa unyama hataki simulizi yake imfuate mpaka siku ya harusi. Watoto nao hawawezi kuamua wenyewe, na sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Yote ni kweli. Lakini anayepaswa kuamua kuficha jina ni mwenye jina. Kuficha kwa sababu ameomba ni heshima. Kuficha kwa sababu hukuuliza ni uvivu uliovishwa suti ya usalama. Na hata jina likifichwa hadharani, linaweza kuandikwa na kutunzwa hadi siku mwenyewe au wanawe watakapolitaka.

Wapalestina wanatufunza jambo hapa. Shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia, UNRWA, limekuwa likipiga picha makambini tangu lilipoanza kazi 1950, na hifadhi yake ina picha na filamu zipatazo nusu milioni. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua kama sehemu ya kumbukumbu za dunia, na baadaye ikaanza kuwekwa mtandaoni ili familia ziweze kuitazama. Mtu ambaye kijiji chake hakipo tena kwenye ramani anaweza angalau kuonesha hema la babu yake. Nasi tuna jengo zuri la Hifadhi ya Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Sioni kwa nini Kenya isiyaambie mashirika yote yaliyopiga picha katika ardhi yake tangu 1991: tuleteeni nakala. Ziwekwe Nairobi, na nyingine ziende Garissa na Lodwar, kisha watu wa Dadaab na Kakuma waitwe waandike majina wanayoyajua. Wazee wa 1991 bado wako, ila hawatangoja sana.

Wala si lazima kusubiri serikali. Kakuma ina gazeti lake linaloendeshwa na wakimbizi, KANERE, tangu 2008. Vijana wa huko wamefunzwa filamu, na kila mtu ana simu. Picha za harusi, za mahafali, za timu ya mpira siku ya fainali, zote zinapigwa leo na watu wa kambini wenyewe. Hizo ndizo albamu za Tengeru za wakati wetu. Tatizo ni kwamba zimekaa kwenye simu, na simu huanguka majini, huibiwa, hujaa ukafuta ili upate nafasi ya kuweka nyimbo.

Kwa wasomaji wa Pwani nina ombi la pekee. Kabla Dadaab haijatawala habari, maelfu ya watu walikimbia Somalia kwa bahari mwaka 1991, wakashukia Mombasa na Malindi. Kulikuwa na kambi Utange, kulikuwa na nyingine Marafa. Miongoni mwao walikuwa watu wa Barawa, ambao lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili tunachokisema. Makambi hayo yalifungwa katikati ya miaka ya 1990, na ukiyatafuta mtandaoni kama ulivyotafuta Dadaab, utarudi na picha chache mno. Waliobaki walichanganyika na mji. Kama kuna mzee mtaani kwenu aliyekaa Utange, nenda umwamkie, umwombe akuoneshe picha alizonazo, hata kama ni mbili zilizopauka. Piga nakala kwa simu, uliza kila mmoja pichani anaitwaje, kisha mwombe ruhusa uandike majina nyuma. Tumia penseli. Wino wa biro hupenya na kuchafua uso upande wa pili.